Mkono Aliosema Shemeji Umekufa

Ndoo ya maziwa ilipinduka, ng'ombe akaikanyaga, na mimi nimechuchumaa zizini nimekumbatia kiganja changu, machozi yananitoka. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni na wake zake.

"Shemeji, mkono wako umekufa," akasema. "Ng'ombe hakai na mkono uliokufa."

Akamfunga kamba, akamswaga kwake. Ng'ombe niliyeachiwa na mume wangu, huyo mmoja tu.

Mkono ulikuwa umeanza kuniuma zamani, kwenye shina la dole gumba. Kupukuchua alizeti, kusonga ugali, hata kufungua mfuniko wa dumu, kote moto. Daktari wa zahanati yetu, naye namlaumu, alinipa vidonge vya maumivu miaka yote bila kunishika mkono hata mara moja. Eti uzee. Uzee gani, na mwanangu wa mwisho yuko shule ya msingi?

Binti yangu mkubwa, mwalimu wa shule huko Iguguno, akanipeleka kwa bima yake hospitali kubwa nje ya mkoa. Daktari wa mifupa alikuwa msichana tu, akaniamkia shikamoo, kisha akabonyeza pale pale nikaruka. Kwenye picha akanionyesha mfupa unasaga mfupa. Akataka kujua nakamuaje. Nikamwonyesha: dole gumba nimelikunja ndani, chuchu naibana kwa fundo lake, kama tulivyofundishwa wote kwetu. Akasema namna hiyo ilizidi kukiumiza kiungo. Wakakitoa kilichosagika, wakaniwekea cha bandia.

Mazoezi yalinitoa jasho, sikudanganyi. Lakini nilijifunza upya, kukamua kwa ngumi, gumba likiwa nje. Daktari aliponiruhusu, asubuhi moja nikaenda kwa shemeji, nikapiga hodi, nikaingia zizini na ndoo yangu. Maziwa yalishuka kwa kishindo, povu likapanda mpaka ukingoni. Sikuumia hata kidogo.

Mke wake mdogo akashika kiuno. "Baba, mbona maiti anakamua?"

Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Shemeji akatazama pembeni, akanung'unika kwamba ng'ombe keshazoea kwake.

Basi nauliza hapa hapa. Shemeji, ulimchukua kwa sababu ya mkono, na mkono umeuona. Sasa unamshikilia kwa sababu gani? Njoo mbele ya ukoo wa mume wangu, useme mwenyewe.