Haja Kubwa Mbele ya Bwana Disii

Msinicheke. Najua mtacheka, hata padri alicheka mpaka akavua miwani, lakini nawaambia mapema kwamba bado nina hasira, hasira mbichi, na atakayenicheka kabla sijamaliza ataondoka hapa bila chai. Aibu niliyoipata Garsen miaka ile ya hamsini, Mzungu bado anatawala, sijaona mwanamke mwingine akiipata halafu akaendelea kwenda mtoni kuchota maji kama kawaida. Mimi niliendelea. Ningefanyaje, maji yajilete?

Chanzo ni yule dresa, msaidizi wa daktari, Omari. Alikuja na daktari Mzungu, wakapiga mahema Garsen karibu na kivuko, wakasema wanafanya utafiti wa minyoo wanaokaa matumboni mwa watu wa mtoni. Walitaka nini kwetu? Choo chetu. Kila nyumba ikapewa mkebe mdogo wenye kifuniko, unaweka, unarudisha, wao wanatazama kwa darubini, na aliyeonekana na minyoo anapewa dawa. Sasa Omari ni mtu wa Kipini, Kiswahili chake cha adabu, na neno lenyewe hawezi kulitamka mbele ya wanawake (mdomo ungemwungua!), basi alipokuja kwetu Kulesa akasimama na koti lake jeupe akasema, "Mama zangu, twawaomba haja kubwa. Kila mtu na haja kubwa yake." Sisi Wapokomo Kiswahili tumekifuata tu, hatukuzaliwa nacho. Hatukuelewa mpaka alipotuonyesha kwa ishara, na ishara ile, jamani, ilikuwa mbaya kuliko neno. Tangu hapo Kulesa nzima ikajua, haja kubwa ni ile.

Mume wangu Komora akakataa. Na yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa! Miguu imevimba, macho meupe, akitoka mlangoni mpaka jikoni anahema kama aliyefukuzwa na nyati, tena siku moja nikamkuta anabandua udongo wa ukutani anakula. Lakini mkebe, ng'o. "Mavi yangu nimpe mtu nisiyemjua? Kesho atanifanyia nini nayo?" Nikambembeleza, nikanuna, nikamwambia ataniacha mjane na watoto kwa sababu ya kuona haya. Wapi. Alikuja kukubali siku aliposhindwa kuinua kasia, akakaa ndani ya mtumbwi akalia, mwanamume mzima, akasema, "Haya, lete huo mkebe." Na hapo Omari alikuwa ameshapita kukusanya, na habari zilizokuja ni kwamba mahema yanang'olewa.

Nilichanganyikiwa. Ndipo alasiri ile akapita mpiga mbiu wa chifu na pembe lake, anapaza sauti: "Kesho Garsen! Baraza la Bwana Disii! Kila mwenye haja kubwa aje nayo, itapokelewa!"

Nilisikia haja kubwa, nikasikia itapokelewa, hayo mengine yakapita na upepo. Ningemkimbilia yule mtu nimuulize, haja ipi hiyo, lakini nilikuwa na kiburi changu, kwa kuwa ni mimi peke yangu pale kijijini niliyewahi kukaa Kipini, nikimpikia tajiri mmoja wa duka, na kila mtu alijua Mama Maro anajua Kiswahili. Jirani yangu Mama Dhadho akaja mbio: "Mama Maro, serikali inataka tena ile?" Nikamjibu, eti na mkono kiunoni, "Inataka. Daktari anamalizia. Ambao hamkutoa, leteni." Akaenda kuwaambia wengine! Mimi na mdomo wangu.

Asubuhi tukashuka na mitumbwi, Komora nimemlaza nyumbani, na mkebe wake nimeufunga kwa jani la mgomba, juu yake kitambaa cheupe nilichokidarizi mwenyewe, maana unakwenda kwa wakubwa, huwezi kwenda na kitu ovyo. Wenzangu walipoona wakafunga yao vivyo hivyo. Tulipendeza! Ukituona ungesema tunakwenda harusini.

Tukafika, turubai limetandwa juu, Bwana Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwenye kiti, mkalimani pembeni, wazee mstari wa mbele na baba mkwe wangu, Mzee Jillo, yuko katikati yao. Mbele yangu alikuwa Mworma mmoja, akaeleza shida ya malisho ya ng'ombe wake, kisha akatoa kopo la samli kama zawadi. Bwana Disii akalionja kwa kidole, akafurahi. (Hapo nilipaswa kuelewa. Malisho na minyoo wapi na wapi? Lakini nilisema moyoni, labda Waorma wana yao.) Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikanyoosha mkebe kwa mikono miwili, nikasema kwa Kiswahili changu cha Kipini, "Bwana, nimeleta haja kubwa ya mume wangu."

Mkalimani akasema Kizungu chake. Mzungu akaona kile kitambaa, akatabasamu. "Oo, asante mama. Hii nini? Asali?"

Nilidhani ananitania. Akafungua.

Siwaelezi. Jueni tu kwamba mkebe ulikuwa umepigwa na jua tangu Kulesa. Mzungu aliruka na kiti kikaanguka, mkalimani akashika pua, na watu wakalipuka kwa kicheko, Waorma wanacheka, Wasomali wenye maduka wanacheka, Wapokomo wenzangu wanacheka, na baba mkwe wangu amevuta kofia mpaka puani ili asijulikane kuwa ni wa kwetu. Nyuma yangu wenzangu wakaanza kuficha mikebe ndani ya kanga. Mama Dhadho ananiita huku ameuma meno, "Mama Maro, umetuua!" Askari akanishika bega: "Toa uchafu wako hapa!"

Uchafu. Mwezi mzima waliutaka, wakaufuata majumbani, leo ni uchafu! Hasira ikanipanda, aibu ikaondoka yenyewe. Nikageuka nikamwona Omari kule kwenye lori, anapigilia misumari kwenye masanduku, na yeye anacheka! Nikamfuata nikamkamata koti.

"Omari, haja kubwa ni nini?"

"Mama, nakuheshimu..."

"Heshima yako inaniulia mume! Amevimba, anakula udongo, pumzi hana, na mimi nimeleta ulichoniomba kwa neno ulilonifundisha wewe! Sema ni nini, mbele ya watu."

Akasema, chini kwa chini. Nikamwambia aseme kwa sauti. Akapiga kelele, "Mavi!" Kicheko kikakatika, hata cha Waorma.

"Sasa yapime."

Bwana Disii, leso puani, akasema, "Kazi ya daktari kwisha, mama. Sanduku fungwa. Nenda." Kwisha! Walichukua vyetu, wakajaza vitabu vyao, na mgonjwa wangu amelala nyumbani.

Nikakaa chini, pale pale mbele ya kiti chake. Nikawaambia wenzangu kwa Kipokomo, kaeni, na fungueni vifuniko. Mama Dhadho akanitazama kama ananichukia (alinichukia), lakini na yeye mwanawe alikuwa anaumwa tumbo, akakaa, akafungua. Na wengine. Saa sita, jua la Garsen mnalijua, upepo hakuna, na turubai limefunika. Wazee wakaanza kusogea, Mworma akachukua kopo lake la samli akaondoka nalo, mkalimani akatapika. Askari hakuthubutu kumgusa mtu, angemwagiwa!

"Fungua sanduku!" Bwana Disii akamfokea Omari. "Pesi pesi! Pima yote!"

Misumari ikang'olewa. Komora alikuwa na safura ya kutisha, minyoo wamemnyonya damu karibu wammalize, Omari mwenyewe alisema angechelewa kidogo tungemzika. Akanipa dawa, na ya mwana wa Mama Dhadho pia, na kunitazama usoni hakuweza.

Komora akapona polepole, na siku aliyopata pumzi ya kutosha, jambo la kwanza alilofanya ni kunicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, "Asali, mama?", na mimi nikamrushia kata ya maji, nikalia, sijui ni kwa hasira au kwa nini. Mpaka leo Garsen naitwa Mama Haja, na watoto wa wale waliocheka wananiita hivyo bila kujua jina lilitoka wapi.

Basi nimeapa, sitamfasiria mtu neno ambalo sijaliuliza maana, hata nionekane mjinga. Na mtu wa dawa akija mlangoni kwangu na maneno yaliyopakwa uturi, nitamwambia aseme tena, aseme mpaka mgonjwa mwenyewe aelewe, na mwenye kuona haya azibe masikio.