Nilivyokuwa Mama wa Baba Yangu

Nilishuka Kiritiri siku ya soko nikienda kumwona baba, na kabla sijavuka hata vibanda vya mbaazi, mama mmoja muuza kunde akanishika mkono. "Si wewe ndio ile cucu ya tivii? Ile inasumbuanga bibi ya kijana yake? Hebu nigombeze kidogo!" Watu wakakusanyika. Nikaweka mkono kiunoni, nikakohoa kidogo, nikamgombeza kwa sauti ya kikongwe. Walicheka hadi wakafuta machozi, naye akanijazia kunde mpaka zikamwagika. Nami nilicheka, lakini moyoni, rafiki yangu, nilijiona kama mbuzi wa kamba fupi. Anashiba, ndiyo, ila palepale alipofungwa.

Maana tangu nianze kuigiza, jukwaani na kwenye runinga, sijawahi kupewa nafasi ya msichana. Nilipokuwa na umri wa kutongozwa nilikuwa nikiigiza wajane na mama wakwe. Ukiniuliza nani alinifunga, nitakwambia ni jina. Kwetu Mbeere, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na jina hilo haliji peke yake, huja na mtu wake. Baba aliniita maitu, yaani mama yangu, tangu nikinyonya. Hakunichapa hata siku moja, kwani utamchapaje mama yako? Nikiingia aliniachia kigoda. Cucu mwenyewe, nyanya yangu, aliniita mwenzangu, na jirani yetu alimtania baba kwamba Mungu amempa mama wawili na wote wakali.

Usifikiri ilikuwa raha tupu. Nikikwea mti na watoto wenzangu, mtu lazima angepaza sauti: "Haiya! Mama mzima juu ya mti?" Nikilia, baba aliona haya, akainuka akaenda zake zizini. Nikajifunza kumeza machozi. Nilitamani anikemee tu kama baba wengine, kisha aniite msichana wangu, lakini hilo halikumtoka mdomoni.

Uwele ulipokomaa, mimi na cucu tulikaa shambani kutwa, juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kuwingia ndege. Nilipenda msimu huo na niliuchukia. Huwezi kushuka, maana ukishuka tu ndege wanatua kama wamealikwa. Tulikunywa uji mchachu kutoka kwenye kibuyu, tukatafuna mbaazi za kuchemsha, na jua likatuchoma wote bila kubagua mzee na mtoto. Cucu aliwatukana ndege kwa majina ya watu waliomkera kijijini. Sauti ilipomkauka, mimi nilishika zamu, kwa sauti yake, kikohozi chake, hata kile kicheko chake cha puani. Jirani kutoka shamba la pili aliuliza nani anapiga kelele leo, mkubwa au mdogo. Cucu alijibu, "Sisi ni mmoja, wewe endelea na kazi yako!" Alifurahi sana. Mimi nilitazama njia ya kwenda mtoni, nikawasikia wasichana wengine wakicheka.

Kisha shuleni ukaja msimu wa michezo ya kuigiza. Mwalimu alileta mchezo wenye bi harusi, na bi harusi huyo alikuwa na maneno mazuri ya kuagana na nyumba yao. Niliyahifadhi yote. Niliyasema kwa mbuzi, niliyasema kwa mtungi wa maji. Siku ya kuchaguliwa nilisimama mbele ya darasa, nikafungua mdomo, na kabla sijamaliza neno la kwanza darasa zima likaangua kicheko, "Huyo ni cucu, mwalimu! Mpe cucu!" Mwalimu akanijaribu, akapiga makofi, mambo yakaisha. Tulipocheza katika shule moja Embu mjini watu walisimama kunishangilia. Nilikwenda nyuma ya choo cha shule ile nikalia peke yangu, nikiwa bado na shuka la uzee mabegani.

Mwaka uliofuata cucu alifariki. Niliwaza, Mungu anisamehe, kwamba sasa labda nitaachiliwa. Lakini waombolezaji walimshika baba mkono, wakanielekeza kidole: "Usilie sana, mama yako bado yuko." Baba akanitazama, akajifuta machozi. Nami sikuweza kulia, kwa sababu marehemu halii kwenye matanga yake.

Siku hiyo ya soko nilimkuta baba ameketi nje ya nyumba. Uwele ulishang'olewa, shamba lote ni muguka siku hizi, majani ya kutafunwa kama miraa, na hakuna mtoto wa kukaa juu ya dungu wala ndege wa kutukanwa. Baba naye amezeeka, siku nyingine anajua mambo, siku nyingine hajui. Aliniona akachangamka.

"Maitu, umefika."

Nikaketi karibu naye, tukanywa chai. Kisha akainama, akasema polepole kama anayetoa siri:

"Yule msichana wangu, yule wa kuigiza, mbona haji? Nimemngoja."

"Baba," nilianza, "baba, ni mimi."

Alishtuka. Akanikazia macho, kwa maana ni mama gani amwitaye mwanawe baba? Niliona hofu ikimpanda, na sikuweza kuivumilia. Cucu hayupo, uwele haupo, na msichana huyo hata mimi sijui alipotelea wapi. Nikaweka mkono begani kwake, nikakohoa, nikamjibu kwa sauti anayoijua.

"Atakuja, mwanangu. Nitamwambia unamuulizia."

Akatulia, akapuliza chai yake.

"Mwambie simkasirikii," akasema. "Mwambie aje tu."