Futikamba Nyuma ya Nundu

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisini Muhima, mjini, daktari mkuu wa mifugo hakunipa hata kiti. Alinipa futikamba. "Mizani ya ng'ombe hatuna," alisema. "Mizani ni hii, na macho yako."

Nyinyi vijana mnacheka. Haya, chekeni! Sisi maksai wa plau, yaani dume aliyehasiwa, tulimpima kwa utepe. Unauzungusha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu. Kisha urefu, toka bega hadi ncha ya nyonga. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa namba tuliyoikariri kama sala. Unapata kilo, na kilo ndizo zinazokuambia kiasi cha dawa.

Mwaka wa pili nikahamishiwa mashambani, Bugesera, kuwa bwana mifugo. Huko ndiko nilikomkosea Mzee Karekezi. Alikuwa na maksai wawili tu, jozi moja ya kulimia, na mvua zilikuwa zimekaribia. Mmoja alikuwa na minyoo, amekonda mbavu zinahesabika. Nami kwa haraka zangu nikapitisha futikamba juu ya nundu. Kilo zikazidi, na dawa ikazidi. Saa sita maksai alikuwa anatetemeka, povu linamtoka. Alasiri akafa, kichwa chake mapajani mwangu. Nililia, sioni haya kusema.

"Sasa mimi nitalima na nini?" mzee aliniuliza.

Nikaenda Muhima, na kwa daktari mkuu sikuficha kitu. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho unarudi huko huko."

Nikarudi. Msimu ule mzee na mkewe walilima kwa jembe la mkono, nami kila Jumamosi nikalima nao. Baada ya mavuno akamleta yule maksai aliyebaki, naye ana minyoo. Nikamwomba bwana mifugo mwenzangu, aliyetoka chuoni karibuni, apime yeye. Mzee akakataa katakata.

"Hapana. Pima weye. Huyu iko anajua kwa kitabu. Weye unajua kwa ng'ombe yangu ile ilikufa."

Nilipima mara tatu. Alipona.

Leo nimestaafu, nakaa mjini, Kimisagara, na ng'ombe ninaowaona ni wale wa buchani. Jamani, natamani kifua cha maksai, joto lake, anavyoshusha pumzi ndipo usome utepe! Vijana wana mizani ya umeme. Siwaonei wivu. Aa, naongopa, nawaonea. Mtaani wananiheshimu, shikamoo haziishi. Lakini kuaminiwa vile, tena na mtu niliyemuulia ng'ombe, sijaaminiwa tena.