Kadi Iliyokataa Njiani Kwenda Kibosho

Nilitoka Nakuru kwenda kumwona binti yangu, aliyeolewa Kibosho na kujifungua mtoto wake wa kwanza. Niliwakataza wasinipokee stendi ya Moshi. Kwenye simu nilikuwa na programu ya kuita teksi niliyoizoea nyumbani, na kadi ya benki tunayotumia pamoja na mume wangu. Nilijiona mjanja.

Dereva wa kwanza alinipigia. "Mama, unalipa keshi au kadi?"

"Kadi."

Akafuta safari. Wa pili naye akafuta. Wa tatu, mwanamume wa makamo mwenye gari dogo jeupe, alikuja. Alinieleza kwamba pesa ya kadi humfikia baada ya siku kadhaa, na mafuta ananunua leo. "Lakini panda tu, mama. Ni mgeni."

Tulipanda mlima, migomba ikitubana pande zote mbili, na laini yangu ya Kenya ikapoteza mtandao. Sikujali. Tulikuwa tukizungumza habari za ng'ombe wake wa maziwa.

Huku nyuma, benki ilikuwa imeona kadi yangu ikiombwa pesa mara tatu, kila nilipoita gari, ndani ya dakika chache, tena katika nchi ya kigeni. Wakaifunga. Wakanipigia, sipatikani. Wakampigia mume wangu, naye akanitafuta bila mafanikio, mwisho akampigia binti yetu na kumwambia, "Mama yako ametekwa."

Hayo yote niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi, kona ya mwisho kabla ya kwao, ni gogo limelazwa katikati ya barabara na wanaume wapatao kumi, wengine na mapanga waliyotoka nayo shambani. Dereva alisimamisha gari. Mlango wake ulifunguliwa kutoka nje, akavutwa kwa ukosi wa shati hadi chini.

"Ndiye huyu?" mmoja akaniuliza.

Nilifungua mlango wangu, nikateremka. Dereva alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani, na hakuuliza kosa lake. Ndipo nikamtambua baba mkwe wa binti yangu katikati yao.

"Mwacheni," nikasema. "Ni dereva wangu. Nilimwita mwenyewe."

Walimwachia polepole, kama watu wasioamini. Mmoja akamfuta vumbi mgongoni. Yeye akaokota simu yake, akabonyeza kumaliza safari, kisha akanigeuzia kioo nisome. Kadi imekataliwa.

Sikuwa na shilingi moja ya Tanzania. Baba mkwe wa binti yangu ndiye aliyetoa noti mfukoni, nami nikatazama chini. Akamwomba dereva radhi, akamkaribisha ndani apate bakuli la mtori wa ndizi na nyama.

"Nashukuru, mzee," dereva akajibu. "Naomba tu mnipishe nigeuze gari."

Nilimfuata hadi dirishani. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajikuta namuuliza kama ameumia. Akatikisa kichwa, macho yakiwa mbele, akaondoka.

Binti yangu alikuwa mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, simu bado sikioni. Baba yake alikuwa upande wa pili wa simu akirudia jina langu. Niliichukua, nikamwambia niko salama, nikasikia mwanamume niliyeishi naye miaka yote hiyo akilia.

Waliponiletea mjukuu, nilinyoosha mikono kumpokea. Mama mkwe wa binti yangu aliitazama ilivyokuwa ikitetemeka, akamrudisha mtoto kifuani kwake.

"Kaa kwanza, mama," akasema.