Namba ya Simu ya Mama Kadi

Wifi yangu, mjane wa mdogo wangu wa kiume, amekaa kwenye dirisha la kliniki ya watoto miaka ishirini na mitatu. Akina mama wanamwita Mama Kadi, maana mtaani kwetu hakuna kadi ya chanjo isiyo na mwandiko wake. Na mwandiko wenyewe umenyooka kama gwaride. Mimi nilikuwa mfagizi wa kliniki hiyohiyo hadi nilipostaafu. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko mzuri naujua nikiuona.

Wakati wetu lilikuwapo daftari kubwa la jalada gumu. Mtoto akipitwa na siku yake, wifi aliona pengo kwenye mstari, akauliza. Kisha wakaja watu wa ofisi kuu na kishikwambi, kile kibao cha kioo cha kugusa kwa kidole. Madaftari yakafungwa kamba, yakatupwa stoo, panya wakapata chakula. Tukaambiwa kila jina litakaloingia mle litafika makao makuu papo hapo, na kutoka huko lifike ng'ambo, kwa wakubwa wanaoangalia afya ya dunia nzima kwenye ramani. Penye watoto waliochanjwa panakuwa na rangi ya kijani, na penye waliosahauliwa panakuwa pekundu. Na kila mama atapata ujumbe kwenye simu, siku mbili kabla ya sindano ya mwanawe.

Jambo jema, sikatai. Nakumbuka mwaka mmoja surua ilichukua watoto tisa ndani ya mwezi. Shuka zao nilizifua mimi.

Lakini kishikwambi kilikuwa na ukaidi wake. Bila namba ya simu hakihifadhi jina. Kinakuandikia maneno mekundu, basi, mtoto kapotea. Na kule kwenye matanuri ya matofali akina mama wengi hawana simu. Huyu simu anaishika mume, yule iliibiwa, mwingine hajawahi kuwa nayo. Foleni imefika getini, watoto wanalia, jua linachoma. Siku ya kwanza wifi alimtuma mama mmoja akaazime namba ya jirani. Yule mama aliondoka, asionekane kwa wiki tatu. Aliyemfuata, wifi hakumtuma popote. Aliandika namba yake mwenyewe.

Ikawa ndiyo kawaida kwa kila asiye na simu. Ujumbe wao ukawa unaingia kwa wifi: "Mzazi mpendwa, mlete mwanao kliniki." Naye, akishafunga dirisha saa tisa, anashika njia kuelekea kwenye tanuri, anapiga hodi mlango kwa mlango. "Keshokutwa zamu ya mdogo huyu. Msinichekee, nimetoka mbali." Alifanya hivyo mwaka mmoja na miezi minane. Akirudi nyumbani anavulia viatu mlangoni, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Wifi, we ni karani au mnara wa simu?" nilimtania.

"Mnara una raha gani, wifi! Wenyewe umesimama tu. Mimi natembea."

Mwaka wa pili alikuja mgeni kutoka ng'ambo na mkalimani wake. Akatangaza kuwa kliniki yetu inaongoza: katika kila watoto mia wanaoitwa kwa ujumbe, tisini na saba wanakuja. Hiyo, akasema, ndiyo nguvu ya simu. Watu wakapiga makofi. Wifi alikuwa amesimama nyuma kabisa, anaegemea mguu huu, mara ule. Nilimfinya aseme.

"Angeniuliza ningemwambia," alinijibu baadaye.

Hakuulizwa.

Kisha simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wifi aliitazama kama mtu anayengoja barua.

"Haina ujumbe hata mmoja," aliniambia.

"Si heri? Labda zamu ya mtoto yeyote haijafika. Ipumzishe hiyo miguu."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Naye alikuwa amechoka, akayapokea. Akawa anarudi mapema, analala kwenye mkeka kabla chai haijachemka. Ilipita wiki ya tano ndipo tukasikia surua imeingia mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara kuu. Asubuhi ile wifi alifungua kishikwambi awatafute watoto wa tanuri waliobakiza sindano ya pili ya surua. Akaandika namba yake. Akatokea mtoto mmoja. Walipaswa kuwa sitini na watatu.

Alirudi mchana akanieleza, uso umemshuka. Niliona hatari mara moja. Kuandika namba ya uongo kwenye kumbukumbu za serikali si mchezo, naye alibakiza mwaka mmoja tu astaafu.

"Nyamaza," nikamwambia. "Funika kombe mwanaharamu apite. Waambie chombo kimeharibika."

Akanitazama. "Na watoto nao niwafunike?"

 Nilivaa viatu nikamsindikiza hadi ofisi ya takwimu.

Msimamizi wa takwimu ni mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Alimsikiliza wifi hadi mwisho, kisha akaivua.

"Mama, aliyesafisha orodha ni mimi. Mfumo uliniletea mwanamke mmoja ana watoto sitini na watatu. Nilicheka hadi machozi. Nikajua ni mtoto mmoja ameingizwa mara nyingi kwa makosa, nikabakiza mmoja."

"Uzazi wangu umeshafungwa zamani, baba," wifi akasema. Hakuna aliyecheka.

"Lakini unajua umefanya nini? Hizi takwimu zimeshafika ng'ambo!"

"Najua. Zimefika kwa miguu hii."

Msimamizi aliivaa tena miwani. Akasema dawa huletwa kwa hesabu ya majina, na majina hayo hayapo, kwa hiyo kwenye friji hakuna chanjo yao. Alivuta karatasi mbili. "Hii ni barua yako ya onyo, sina budi kuiandika. Na hii ni ya kuomba chupa saba za chanjo. Lakini sitapewa bila majina. Nipatie majina, mama. Niliyoyafuta hayarudi."

Jioni mbili tulikaa mezani, mimi na wifi, tukayatafuta kichwani. Tulitembea kwa mawazo, nyumba kwa nyumba. Mlango wa bati la buluu: pacha. Penye kisima kilichovunjika: binti mwenye kovu la paji. Mimi nilikuwa nawajua bibi zao, nikawa namsukumia wifi ukoo mzima mpaka jina la mtoto litoke. Waliofutwa walikuwa sitini na wawili; tukapata sitini na mmoja. Wa sitini na mbili alikataa kuja. Wifi alihesabu kwa vidole, akarudi kisimani, akarudi kwenye bati la buluu.

"Wapo wote," nikasema. "Labda uliwahesabu vibaya."

"Yupo mmoja, wifi. Miguu inamkumbuka. Kichwa ndicho kimemtupa."

Chanjo zilifika. Siku tatu muuguzi na wifi walizunguka kwenye tanuri, wakawachoma wote sitini na mmoja, pamoja na yule mmoja ambaye hakufutwa. Siku ya nne, kabla dirisha halijafunguliwa, mwanamke mmoja alikuwa ameshakaa kwenye benchi na mtoto wa kiume mapajani. Macho ya mtoto mekundu, mwili umewaka, vipele vimeshuka hadi shingoni. Mama huyo alikuwa amehamia nyuma ya tanuri la mwisho, kwenye kibanda kipya.

"Mbona hukuja, Mama Kadi?" aliuliza, wala hakuwa na hasira. "Nilikuwa nakungoja. Niliwaambia wenzangu zamu yake bado, ingefika ungepiga hodi."

Wifi alimchukua mtoto, akambeba hadi hospitali kubwa mwenyewe. Mtoto alilala huko siku kumi na moja. Alipona, lakini sikio la kulia halisikii.

Barua ya onyo wifi aliitia saini. Baada ya miezi miwili kishikwambi kiliongezewa kisanduku cha kugusa: Hana simu. Sasa jina linahifadhiwa bila ugomvi, na ujumbe hauendi kwa mtu yeyote. Msimamizi aliomba apatikane mtu wa kuwafuata watoto hao majumbani. Akajibiwa ombi linashughulikiwa. Hadi leo linashughulikiwa. Kwa hiyo kila Jumatatu anamchapia wifi orodha ya wasio na simu, naye akifunga dirisha anashika njia.

Anaanzia nyuma ya tanuri la mwisho. Yule mtoto amemaliza sindano zake, hadaiwi hata moja. Wifi anainama upande wa kushoto, anamsalimia, anasubiri aitikie. Kisha anafungua orodha.