Mkono wa Wifi

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, maana jambo hili siwezi kulieleza nikiwa nimetulia. Hata leo, nikifika pale kwenye pakiti ya dawa dirishani, huwa nasimama, natembea hatua mbili tatu, ndipo naendelea. Nivumilie. Nitaanza na kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa kazi, kosa langu litaonekana dogo.

Serikali ikitaka kujua watu wake wanaishije, nani anavuta sigara, nani anakula mboga, nani presha imempanda bila yeye kujua, haiwezi kumpima kila mtu nchini. Inachagua nyumba chache kwa bahati nasibu, hapa Gisenyi, kule Nyundo, hivyo hivyo mpaka pembe ya mwisho ya nchi. Sisi wakusanya takwimu ndio tunaobisha hodi. Tunaandika watu wazima wote wanaolala humo ndani, tableti inachagua mmoja, na huyo mmoja hana mbadala. Usipomkuta, unarudi. Ukimkosa tena, unarudi tena.

Watu waliniuliza sana kwa nini tusimpime yeyote aliyepo, na swali hilo nililipenda. Niliwaambia: fikiria Mbugangari saa nne asubuhi. Nani yuko nyumbani? Wazee, wazazi wanaonyonyesha, mgonjwa, mtu aliye kwenye siku yake ya mapumziko. Wanaobeba mizigo wameshatoka, wenye moto, pikipiki za abiria, wako barabarani, wauzaji wameshavuka mpaka. Tukipima waliobaki tu, tutaandika habari za mji mwingine kabisa, halafu wizara itapanga dawa na wauguzi kwa ajili ya mji huo usiokuwepo.

Nilikuwa nalieleza hili vizuri sana. Ndiyo maana kosa langu linaniuma.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mbugangari, nyuma ya vibanda vya mafundi cherehani. Jumatatu alfajiri nilimkuta mwenye nyumba, dereva, mguu mmoja tayari uko ndani ya lori lake. Alinipa majina haraka haraka: yeye mwenyewe, mke wake anayeuza karoti Goma, na dada yake mdogo anayeshona. Tableti ikamchagua mke. Mke alikuwa ameshaondoka. Nikarudi jioni, mlango umefungwa.

Kiongozi wa timu yetu alikuwa ananipigia simu kila saa. Jumatano mchana gari lilitakiwa kutupeleka Nyundo, na nyumba yangu ile moja ilikuwa bado nyekundu kwenye ramani yake.

Jumanne jioni nikakuta mwanamke amesimama mlangoni, kitenge kimepigwa pasi, anasubiri.

"Karibu, muganga," akasema. "Twakungojea. Njo mi wa kupimwa."

Mimi si daktari, nilisomea uuguzi Tanzania kabla familia yetu haijarudi nchini, lakini nimeacha kubishana na jina hilo. Nikasoma jina la mke, naye akaitikia kwa kichwa. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka, na furaha ya kumpata ilikuwa imeshanijaa.

Alijibu maswali vizuri. Sigara hapana. Bia, kidogo, siku ya sikukuu. Chumvi, ndiyo, nyingi. Nilipouliza anatembea kiasi gani kwa siku, akasema mpaka Goma na kurudi, na beseni kichwani. Nikamfunga mkanda wa kipimo mkononi, nikapima mara tatu. Presha safi kabisa. Nikamwandikia kadi yenye jina na vipimo, nikamwambia kesho alfajiri nitarudi kumtoboa kidole nipime sukari, kwa hiyo asile kitu.

"Itafanyika," akasema.

Jumatano asubuhi nikamkuta barazani, kwenye cherehani, kikombe cha uji mkononi. Kimeshafika nusu.

"Mama, si nilikuomba usile?"

"Uliomba mwenye jina asikule," akanijibu bila wasiwasi wowote. "Hajakula. Ametoka na njaa."

"Mwenye jina ni nani?"

"Wifi yangu. Jana mi nilikuwa tu mu nafasi yake. Yeye hawezi kufika hapa mbele ya usiku, na we ulikuwa unateseka na njia."

Nilikaa kwenye ngazi. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nyumba inatoa mtu mmoja wa kwenda kufanya kazi. Kwenye mkutano wa mudugudu, yaani kitongoji, mtu mmoja anasaini kwa wote. Chanjo ya mbuzi, mgawo wa vyandarua, yeyote aliyepo ndiye anayesimama. Basi walikaa juzi usiku, wakapanga yeye mshonaji atoe mkono, na jana, waliposikia habari ya kutokula, wakaongeza: mwenye jina ashinde na njaa. Majibu ya maswali alikuwa ameyatoa ya wifi yake, ya kweli yote. Nilikuwa na majibu ya mtu mmoja na mkono wa mtu mwingine.

Karibu nicheke. Ndipo nikaona pakiti ya vidonge dirishani.

"Hizi ni za nani?"

"Zake. Ni za tension, ile presha, walimupatia kwa centre ya afya. Sa, karatasi yako imesema tension ni muzuri, akaziacha hapo. Alifurahi sana, we. Kichwa inamuuma wiki mbili sasa, akasema ah, ni uchovu tu. Na rendez-vous ya leo haina tena kazi."

"Miadi ya leo?"

"Kwa centre, saa nane."

Simu ya mke haikupatikana, laini ilikuwa imeshavuka mpaka pamoja naye. Nilipanda moto mpaka barrière ndogo, kizuizi cha mpakani wanakopita wauzaji. Nikasimama upande wetu, mfuko wa vifaa begani, namwangalia kila mwanamke anayerudi. Wanarudi kwa makundi kuchukua mzigo wa pili, mabeseni matupu, kelele, vicheko, na mimi sikuwa naijua sura ya ninayemtafuta. Nilijua jina tu. Nililiita mpaka watu wa forodha wakaanza kuniangalia. Nilikwenda mpaka kwenye kamba ya mpakani, nikarudi. Nikanunua maji, nikayasahau dukani.

Kiongozi akapiga simu. "Nyumba yako ni kijani, namba ziko ndani. Unafanya nini mpakani? Gari linaondoka saa saba."

Nikamwambia namba zile ni za mkono mwingine.

"Mkono mmoja," akasema. "Katika nchi nzima."

Nilijua jibu, nilikuwa nimelitoa kila nyumba: mkono ule mmoja ulikuwa unasimama kwa wanawake wengi wanaotoka kabla ya jua, ambao hakuna atakayewabishia hodi. Lakini asubuhi ile sikuwafikiria wengi. Nilifikiria kichwa kinachouma chini ya beseni la karoti, na kadi yenye mwandiko wangu.

Saa sita kasoro, mwanamke mnene mwenye kofia ya mvua alisimama mbele yangu.

"Batu banasema unaniita kama askari. Nimeiba nini?"

Nilimpeleka kwenye duka la maziwa lililo karibu, mwenye duka akatupatia kiti chenye mgongo. Nikamweleza yote, nikakubali kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuuliza vizuri. Alinisikiliza huku anawahesabu wenzake wanaopakia safari ya pili.

"Kwanza unakaa dakika tano, kimya," nikamwambia. "Mtu aliyetoka kutembea anadanganya kipimo."

Dakika ya pili akamsalimia mtu dirishani. Tukaanza upya. Dakika ya tatu akasimama kuangalia foleni. Tukaanza upya.

"Muganga," akasema, "unaniambia nitulie, na mguu yako mwenyewe inacheza."

Kweli ulikuwa unacheza. Nikaukanyaga kwa mguu wa pili, tukakaa wote wawili kimya, kama watu waliogombana. Nikapima. Juu. Nikangoja dakika tatu, nikijiambia ni haraka ya njia. Juu tena. Mara ya tatu sikuhitaji kusema, alikuwa ananiangalia usoni, si kwenye kipimo.

"Bon. Sema."

"Iko juu sana. Mara zote tatu."

"Donc jana nilikuwa muzuri, leo niko mugonjwa."

"Jana ilikuwa ya wifi yako, mama. Yako ni hii."

Akaitoa kadi ya jana kwenye kifuko chini ya kitenge. Ilikuwa imekunjwa vizuri mara nne. "Nimeonyesha soko yote," akasema. "Nilifurahia mukono ya mwenzangu."

Nikamtoboa kidole, kwa kuwa alikuwa bado hajala, sukari ikawa safi, nikampa kadi mpya. Nikamwambia si hukumu, ni habari. Presha ya namna hii inatulizwa na vidonge vilevile alivyoviacha dirishani, na kupunguza chumvi, na kwenda kuonwa centre leo kama alivyopangiwa. Wengi wanaishi nayo miaka mingi, wanabeba, wanacheka, wanazeeka. Kinachowaangusha ni kuacha dawa.

"Nikienda centre, karoti zinanyauka. Ziko tayari kwa depo, gunia mbili."

Nje wenzake walikuwa wanamwita. Alishika ukingo wa beseni lake, akaliachia, akalishika tena. Halafu akaniomba simu yangu, ile yake ilikuwa bado inatafuta laini.

"Wifi. Acha kushona, kuja kwa depo, upeleke karoti Goma mu nafasi yangu. Eh. Ile inawezekana. Na kuja na vidonge vyangu, viko kwa dirisha. Hapana, we baki na mukono yako. Kwa centre naenda na ya kwangu."

Akarudisha simu. Akaniambia nimlipie mwenye duka maziwa yake, kwa sababu nilikuwa nimemchelewesha, na nikalipa.

Gari lilinikuta njia ya Nyundo saa saba na nusu, kiongozi mbele, hajageuka. Nikafuta kwenye tableti yale ya Jumanne, nikaingiza ya mpakani. Tulipofika kilima cha kanisa kuu ndipo aliposema, akiwa bado anatazama barabara, kwamba kesho kila mmoja wetu arudi kwenye nyumba zake aulize upya nani alitoa mkono. Hakuna aliyelalamika. Nadhani kila mmoja alikuwa ameshaanza kukumbuka kitenge fulani kilichopigwa pasi.

Basi, siku mtu wa kazi yetu atakapobisha hodi kwako, na jina lililosomwa likawa lako, usimtume mtu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, weka miguu yote miwili chini, nyamaza dakika tano, kisha nyoosha mkono wako mwenyewe.