Mwanamke wa Hatua ya Tano

Mimi hufundisha watu kubadilika. Ndiyo kazi yangu hapa Machakos: nawafundisha wahudumu wa afya wa vijijini nadharia za jinsi mtu anavyoacha tabia moja na kushika nyingine. Kuna somo moja, la hatua tano za mabadiliko, ambalo nikilifikia hujifanya natafuta kalamu mpaka nitulie.

Hatua zenyewe ni rahisi. Kwanza mtu hajafikiria kubadilika, halafu anafikiria, anajiandaa, anatenda, na mwisho anadumisha. Kabla sijapewa darasa nilikuwa nazunguka vijiji vya Kola nyumba kwa nyumba na fomu, na kila mgonjwa wa presha nilimwandikia hatua yake. Wengi walinitoa jasho. Mmoja aliniambia presha ni ugonjwa wa watu wa ofisi, akarudi kwa ng'ombe wake. Lakini kulikuwa na mkulima mmoja, mwanamke wa umri wa mama yangu, nami nikimwita mwaitu kama tunavyowaita mama zetu, naye akiniita mwalimu. Huyo alikuwa raha tupu. Alipunguza chumvi. Kila mwezi alikwenda dispensari kuchukua dawa. Ukimuuliza dalili za hatari alikutajia zote bila kukosea, huku mikono ikiendelea kuambua mbaazi. Nikamwandikia hatua ya tano.

Nadharia nyingine inasema watu huiga mtu anayefanana nao. Basi mimi, kwa ujuaji wangu, nikampeleka kwenye baraza la chifu. Nikamsimamisha mbele ya kijiji kizima, nikasema huyu ndiye mfano, anameza dawa yake kila asubuhi bila kuruka hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Yeye akatazama viatu vyake, nami nikadhani ni haya ya kusifiwa.

Mwezi uliofuata nilimpima, presha iko juu. Akasema ametoka kuteka maji, mlima umemchosha. Nikangoja kidogo, nikapima tena, bado iko juu. Sasa, mtu mwenye akili zake angeuliza. Mimi nilikuwa na akili za fomu: mtu wa hatua ya tano anameza dawa, kwa hivyo lazima ni mlima. Akanipa chai, akakaa karibu nami kuliko kawaida yake.

"Mwalimu, kuna kitu," akaanza.

Sikumngoja amalize. Alipoona natazama saa, akaniuliza kama chai imekolea majani, nikasema imekolea sana. Nikaaga, kwa sababu nilikuwa nimebakiza nyumba nne.

Wiki tatu baadaye alianguka shambani, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Siku ya pili akafariki hospitalini.

Maneno yake hayo hayajaniacha. Nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia darasani nikiwa nimewageuzia wanafunzi mgongo, naandika ubaoni. Mwalimu, kuna kitu. Sauti yenyewe haina lawama hata kidogo, na hilo ndilo linalonitesa. Afadhali angenitukana.

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mume wake. Mzee aliingia ndani akatoka na kikopo cha bati. Ndani mlikuwa na vidonge, vyote vimekatwa katikati kwa kisu cha jikoni. Akanieleza polepole, bila kuniangalia. Naye pia kichwa kilikuwa kinamgonga na macho yanaingia ukungu, lakini dispensari hakutaka kwenda, aliogopa kuambiwa jina la ugonjwa. Mkewe akaamua wagawane dawa, nusu yake na nusu ya mzee, kama walivyogawana kila kitu kingine nyumbani humo. Kumbe miezi yote ile nilikuwa namsifu kwa kumeza nusu.

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Alitaka kukuambia," mzee akasema. "Lakini ulikuwa umeshamsifu mbele ya watu. Akasema ukijua, utaaibika."

Mimi niaibike, siyo yeye. Alikuwa ananifichia aibu yangu mimi, na kichwa kinampasuka. Jamani, nililia pale bila heshima yoyote, na mfiwa ndiye akawa ananibembeleza.

Nilipotulia nikatoa kipimo mkobani, nikampima. Presha yake ilikuwa mbaya kuliko ile ya mkewe siku ya chai. Nikamwomba, nikamsihi, nikamwambia kesho asubuhi nitampitia twende dispensari pamoja. Alifunika kikopo, akakiweka magotini.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usinitaje kwa baraza."